Mjomba Kaniachia Gitaa, Mama Kaninunia

Msomaji wangu mmoja wa Tandika, Dar es Salaam, kaniandikia barua ya kurasa tatu, moja na nusu yote ni salamu. Anasema kapata binti, binti anazimia wanaume wanaopiga gitaa, na yeye gitaa analijua kwa kulitazama kwenye video tu. Swali lake ni hili: mwezi mmoja unatosha kujifunza Malaika, ampigie huyo binti siku yake ya kuzaliwa?

Hautoshi, kaka. Nakwambia mapema ili hela ya gitaa ukanunulie keki. Mimi mwenzio nimetumia miezi saba kwa wimbo huo huo mmoja, nimechubuka vidole, nimenuniwa na mama mzazi siku tisa, na yule binti aliyenitia wazimu huo aliolewa Masasi mwezi wa tatu wa mazoezi yangu. Kwa hiyo wiki hii sijibu barua nyingine. Wale wa migogoro na wenye nyumba mnisamehe, zamu yenu inakuja.

Kisa kilianzia stendi hapa Mtwara. Binti alikuwa akiuza vocha na soda kwenye kibanda, mimi nikijifanya nasubiri gari kila siku saa kumi jioni, na sikuwa nasafiri kwenda kokote. Siku hiyo redio ikapiga Malaika. Binti akafumba macho, akasema, "Mwanaume akinipigia huu wimbo kwa mkono wake, mimi basi tena, nimekwisha."

Nami bila kuulizwa nikajibu, "Mbona mimi naupiga?"

Uongo mtupu! Ningesema napiga filimbi ya refa ningekuwa karibu zaidi na ukweli. Lakini neno likishatoka, limetoka. Na mimi nilikuwa najua gitaa lilipo. Lilikuwa darini kwa bibi yangu mzaa mama, Msimbati.

Kwa wale msioijua Msimbati, ni huku mwisho kabisa wa nchi, zaidi ya kilomita 40 kutoka Mtwara mjini, jirani na mahali Mto Ruvuma unapomwaga maji yake baharini. Ukivuka mto uko Msumbiji. Ndiko kwenye gesi ya Mnazi Bay iliyogunduliwa mwaka 1982. Njiani unapita Madimba, penye mtambo wa kusafisha hiyo gesi, na tangu mwaka 2015 inasafiri kwa bomba mpaka Dar es Salaam. Bibi yangu ana msemo wake juu ya hilo. Anasema kila kizuri cha huku kinakwenda Dar, gesi imekwenda kwa bomba na mwanangu alikwenda kwa meli.

Mwanawe huyo ndiye mjomba wangu. Sikuwahi kumwona. Aliondoka mwaka 1986 na gitaa begani, akapanda meli maana barabara ya kwenda Dar enzi hizo masika yakianza ilikuwa hadithi nyingine. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003 tu, kabla ya hapo watu walikuwa wanalala njiani siku mbili, tatu, wanapika kabisa. Akaingia kwenye bendi moja ya dansi ya jijini. Mwanzo alikuwa anatuma barua na kanga. Kisha barua bila kanga. Kisha kimya. Mwaka 1999 akarudi, kakonda, gitaa likiwa limefungwa kwa shuka, na hakumaliza mwaka. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa.

Sasa ujue kwetu Wamakonde, kwa asili, ukoo unakwenda upande wa mama. Mjomba ndiye mwenye kauli, hata posa yako ni yeye anayeipokea, na cha mjomba kinashuka kwa mpwa. Mpwa mkubwa ni mimi. Kwa hiyo kisheria yetu lile gitaa lilikuwa langu, ila hakuna aliyewahi kuniambia, kwa sababu mama yangu neno gitaa halitaki lipite mlangoni kwake. Redioni ikipigwa dansi ya zamani, anazima. Nilikuwa nikidhani ni dini.

Nikaenda Msimbati siku ya Jumapili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kula ming'oko au umekuja na shida?"

"Vyote viwili, bibi."

Nikala ming'oko kwanza, maana sina haraka ya kufukuzwa na njaa. Kisha nikasema. Bibi akanyamaza mpaka nikaona nimekosea. Halafu akanituma nilete ngazi. Aliponikabidhi alisema maneno machache tu: "Ni lako. Lakini mama yako asilione mpaka uwe unalijua. Asije akasikia kelele akakumbuka muziki."

Gitaa lenyewe, jamani! Vumbi, kinyesi cha mijusi, nyuzi mbili tu zimebaki na zote kutu, upepo wa chumvi wa Msimbati hauna huruma na chuma. Nyuzi mbili nyingine za chini mjomba alikuwa ameweka mshipi wa kuvulia samaki, na moja waya wa breki ya baiskeli. Ubao wa mbele umepasuka toka tundu mpaka chini. Ndani ya tundu kuna kikaratasi kilichofifia: Gallotone. Hizi ni zile gitaa za Afrika Kusini ambazo wazee wetu huku Afrika Mashariki na Kongo waliziita galatoni, na hili babu mmoja wa ukoo alirudi nalo kutoka migodini, enzi za Wenela, kabla ya Uhuru. Msicheke. Gitaa alilokuwa nalo John Lennon siku alipokutana na Paul McCartney mwaka 1957 lilikuwa galatoni vilevile, na mwaka 1999 liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 100,000. Kiwanda kilikuwa kinabandika kikaratasi cha dhamana kwamba halipasuki. Nadhani hawakuwahi kufika Msimbati.

Nikalipeleka kwa fundi wa vinyago hapa mjini. Si fundi wa gitaa, lakini mtu anayetoa uso wa binadamu ndani ya gogo la mpingo, ufa wa ubao utamshinda nini? Akaugandisha kwa gundi na vibao vyembamba kwa ndani. Kile kijipande cha juu ya shingo chenye mifereji ya kupitishia nyuzi kilikuwa kimekatika, akachonga kipya kwa mpingo. Mpingo wetu huu huu ndio Wazungu wanatengenezea klarineti na obo, mti unatoka kusini mwa Tanzania na Msumbiji unakwenda kulia kwenye kumbi za Ulaya. Mimi nimepata kijipande cha ukubwa wa kibiriti, nimeridhika. Nyuma ya shingo, karibu na freti ya tatu, kulikuwa na alama iliyolika, kama mahali palipofungwa kamba miaka mingi. Fundi akataka kuipiga msasa. Nikamzuia, sijui kwa nini, nikaona si yangu kuifuta. Nyuzi nikaagiza Kariakoo kwa kondakta wa basi.

Sasa mwalimu. Nilijaribu kwanza kujifundisha kwa video za kwenye simu. Kijana wa Kizungu anatabasamu, anasema ni rahisi sana, anaweka vidole vinne mahali pane kwa kufumba na kufumbua. Bando likaisha kabla vidole vyangu havijafika. Ndipo nikaelekezwa kwa mzee mmoja Mikindani, mshona nyavu, aliyewahi kupiga gitaa la rizim kwenye bendi za huku kusini.

Mikindani ni kama kilomita 10 tu kutoka mjini, bajaji inakufikisha. Ule mji wa zamani wenye boma la Wajerumani la mwaka 1895, na ndiko David Livingstone alikoanzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Mzee alikuwa kakaa chini ya mkungu, wavu miguuni. Nikamwamkia, akaitika, lakini macho yake yalikuwa kwenye gitaa.

"Hili umelitoa wapi?"

Nikamweleza. Akalichukua, akaligeuza, akapitisha dole gumba kwenye ule ufa.

"Hili lilipasukia Nachingwea, lilianguka toka kwenye lori. Mwenyewe alilia kama mtoto. Alikuwa ananizidi, ndiyo maana yeye alikwenda Dar na mimi nikabaki kushona nyavu." Kisha akanitazama. "Kumbe mimi ndiye nimebaki hai kulishika tena."

Ada ya masomo ikawa kazi. Kila nikija, natatua wavu uliojisokota kwa saa nzima ndipo nashika gitaa. Mzee anadai hilo nalo ni somo la vidole. Mimi nadhani alipata kibarua cha bure, ila sikumwambia.

Wiki tatu za kwanza hakunifundisha kodi hata moja. Mkono wa kulia tu. Dole gumba linapiga nyuzi nene tatu za juu, kidole cha shahada kinapiga nyembamba tatu za chini, vingine vimekaa kama wageni. Alisema ndivyo alivyopiga Jean Bosco Mwenda wa Katanga, yule Mkongo aliyerekodiwa na Hugh Tracey wimbo wa Masanga mwaka 1952, akavuma mpaka Nairobi, na baada yake wapigaji wa gitaa kavu ukanda wote huu walitaka kuwa yeye. Vidole viwili tu, na ukimsikiliza unadhani wako watu wawili. Mimi kwa vidole vyangu viwili nilikuwa nasikika kama nusu mtu. Dum-ti-dum-ti, dum-ti-dum-ti, mpaka adhana ya magharibi, hapo mzee ananyanyua mkono na kila kitu kinasimama.

Kisha kodi. Hapa ndipo penye vilio, msomaji wangu wa Tandika, soma polepole. Mzee anaupiga Malaika katika C. Maana yake unahitaji C, F na G. C sawa. G sawa kwa mbinde. F ni adui wa mwanadamu. Unalaza kidole kimoja juu ya nyuzi zote sita kama fimbo, unakibana, na hapo hapo vidole vingine vitatu vifanye kazi yake. Mwezi mzima F yangu ilitoa sauti ya sufuria tupu. Nyama ya vidole ikachanika, nikawa nikichovya mkono kwenye maji ya bahari, inawasha hiyo!

Siku moja nikagundua kwamba ukihamia G unatumia G, C na D, F haimo kabisa, na wimbo ni ule ule. Nikamwendea mzee kama niliyegundua gesi. Akacheka mpaka akashika tumbo.

"Nilikuwa nangoja uchoke," alisema. "Aliyepitia F haogopi kodi nyingine."

Mwezi mzima, wazee!

Na huo wimbo wenyewe una kesi. Pale kijiweni kwetu Mikindani ukitaja Malaika, wavuvi wanaacha bao. Wako wanaosema ni wa Fadhili William, Mtaita wa Kenya, aliyeutoa na kundi lake la Black Shadows Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ambaye alifariki mwaka 2001 akisisitiza ni wake. Wako wanaosema ni wa Mtanzania mwenzetu Adam Salim, ambaye alidai aliutunga mwaka 1945 kwa ajili ya msichana aliyempenda akaozwa mtu mwingine. Dunia haikungoja hukumu. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliutia kwenye albamu yao ya mwaka 1965 iliyoshinda Grammy mwaka uliofuata, Boney M wakaugeuza disko mwaka 1981, Angelique Kidjo wa Benin akauimba tena mwaka 1991. Mzee wangu aliulizwa yuko upande gani. Akajibu bila kuinua kichwa kwenye wavu, "Kautunga aliyekosa mahari. Mtafuteni huyo."

Maana wimbo wote ni huo. Kijana kampenda binti, anataka kumuoa, mfukoni hana kitu. Basi. Hakuna kufa, hakuna kurogwa, hakuna kusalitiwa. Na ndiyo sababu ni mgumu kuupiga. Mimi nilipouweza kwa kodi nikaanza kuupiga kwa huzuni ya kuigiza, nakunja uso, navuta sauti, natetemesha uzi. Mzee akanisimamisha.

"Nani kakufia?"

"Hakuna, mzee."

"Sasa unalia nini? Huyu mtu yuko mlangoni kwa watu. Kavaa shati safi. Anajieleza. Ukilia watakufungia mlango."

Akanionyesha. Sauti yake imeshachakaa, lakini aliimba kama anayesema na mtu aliye mbele yake, na mwisho wa kila mstari alikuwa akiliacha lile besi lilie peke yake, hagusi kitu, mpaka nafsi yako wewe msikilizaji ndiyo inamwomba aendelee. Mimi mahali hapo nilikuwa nawahi. Wanaoanza wote tunawahi mahali hapo, tunaogopa kimya, tunadhani watu watajua tumesahau. Hilo la kuacha kimya lilinichukua miezi miwili, kuliko hata F.

Yule binti alikuwa ameshaolewa. Mwanaume ana korosho, msimu ulikuwa mzuri, mnada ulilipa. Sina neno, na kwa kweli wakati huo nilikuwa naenda Mikindani kwa sababu nyingine ambayo sikuwa na jina lake. Tuendelee.

Gitaa muda wote huo lilikuwa linalala kwa mzee. Nyumbani nilisema napata kibarua cha nyavu, na haikuwa uongo. Mama yangu anakaanga samaki jioni hapa Magomeni, ana wateja wake, ana mdomo wake, mnamjua wengine. Siku hiyo nilikuwa namsaidia kugeuza changu. Kipande kikarukia pembeni ya kikaango, nikakidaka kwa mkono wa kushoto, cha moto vilevile, nikakirudisha kwenye sinia bila hata kushtuka.

Mama akaacha mwiko.

"Lete mkono huo."

Nikaleta. Akapapasa ncha za vidole, kimoja kimoja. Vinne vyote vimeota sugu, kigumu cha kwanza mpaka cha mwisho, dole gumba laini. Wavu hauoteshi sugu namna hiyo. Mteja kasimama na hela mkononi, mama hamuoni.

"Vidole hivi navijua," alisema. Akaachia mkono wangu, akahudumia mteja, na kuanzia hapo hakunisemesha.

Siku tisa. Nimewahi kununiwa, lakini si hivi. Chakula nakikuta kimefunikwa mezani, kizuri, cha moto, yeye yuko uani. Namwamkia, anaitika kwa pua. Siku ya tano nikampigia bibi simu, nikidhani atanitetea. Bibi akaniambia jambo ambalo sikuwa nalijua. Akasema mjomba wako alipokuwa anajifunza, mama yako alikuwa na miaka 14, ndiye aliyekuwa anamwimbia ili ashike mapigo. Kila jioni, wawili wao, pale pale mchangani. Alipoondoka na meli alimwahidi atamwita akaimbe Dar. Mama yako alikaa na begi lake limefungwa toka masika mpaka kipupwe.

Nilipokata simu nilikaa kwenye tofali muda mrefu.

Ushauri wa mzee ulikuwa mfupi. "Lichukue gitaa lako, ulipeleke nyumbani. Umeshajua. Kinachobaki mimi sina."

Nikaja nalo kwenye bajaji, limevuliwa shuka, kila mtu analiona. Dereva akaniuliza kama mimi ni mwenzake Harmonize, maana naye katoka mkoa wetu huu huu. Nikamwambia bado kidogo tu. Nilifika jioni umeme umekatika, mama yuko ndani, samaki wameisha. Nikakaa kwenye ngazi ya uani. Mkono ulikuwa unatetemeka, kodi ya kwanza ikatoka kama ile sufuria ya zamani. Nikaanza tena. Nikaimba, taratibu, kama mtu aliye mlangoni, na shati langu halikuwa hata safi.

Mstari wa kwanza, nikaacha kimya. Wa pili, nikaacha kimya. Mlango ukalia. Mama kasimama na kibatari.

"Unaimba chini sana," alisema. "Unaimba kama mtu anayesukuma baiskeli yenye gunia."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu baada ya siku tisa.

"Ndivyo nilivyofundishwa, mama."

"Na nani? Kaka yangu hakupiga hapo." Akanyoosha kibatari kwenye shingo ya gitaa, akaangalia kwa nyuma, akagusa ile alama. Akaingia ndani. Nikamsikia anapekua begi la shule la mdogo wangu. Akarudi na penseli na ukanda wa tyubu ya baiskeli. Akailaza penseli juu ya nyuzi kwenye freti ya tatu, akazungusha ule mpira mara mbili, tatu, akaukaza kwa meno, na mpira ukakaa sawasawa ndani ya ile alama. Alifunga haraka, hakuangalia hata mara mbili, kama mtu anayefunga mzigo aliozoea.

Sasa vidole vinakaa pale pale, G ni ile ile, lakini gitaa zima limepanda juu. Sauti ikawa nyembamba, safi, kama ya mtoto.

"Haya. Piga. Na usikimbie."

Nikapiga. Mama yangu akaimba. Mimi nina miaka zaidi ya 20 na sijawahi kumsikia mama yangu akiimba kitu chochote, hata nilipokuwa mgonjwa. Aliimba akiwa amesimama, kibatari mkononi, akiangalia ukuta wa jirani. Ubeti wa kwanza na wa pili aliumaliza. Wa tatu ulipofika katikati akanyamaza, nami nikaendelea kupiga mapigo peke yake, dum-ti-dum-ti, nikimngoja. Alichelewa sana. Kisha akaingia mahali pake hasa, hakukosea hata neno.

Jirani akatoka na kigoda chake akauliza kama kuna kiingilio. Mama akamwambia samaki wameisha, aende akalale.

Hatukuongea zaidi usiku ule. Alinifungulia bakuli, akanipa pweza wa mchuzi wa nazi aliyekuwa amemficha, akakaa akinitazama nakula. Mwisho akauliza, "Yule mzee wa Mikindani bado anavuta sigara?" Nikasema anavuta. Akasema, "Mwambie nimesema aache."

Bibi anataka tumpelekee gitaa Msimbati mwisho wa mwezi. Mama kakubali kwenda, ila kasema nauli ni juu yangu, ya kwenda na ya kurudi, na penseli ya mtoto nimnunulie nyingine.

Kaka wa Tandika, mnunulie keki.